Mlango wa Chuo Usifunguliwe kwa Pupa

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hii tumeiimba tangu madarasa ya chini mpaka imekuwa kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Lakini mwezi wa Agosti mwaka wa 2020, huko Marekani, wasomi wenye shahada tatu tatu waliisahau. Waliokuja kulipia usahaulifu huo hawakuwa wao peke yao, bali wanafunzi, wapishi, wafagiaji na majirani wa vyuo.

Wapenzi wasomaji, huenda mkaniuliza, "Ndugu mwandishi, korona imepita, mbona watuletea habari za jana?" Swali zuri. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya ulimwengu tena. Halikusema kuwa ugonjwa wenyewe umetoweka, wala halikutuahidi kwamba janga jingine halitabisha hodi. Tena wenzetu wa kidato cha nne si muda watakuwa wanabeba magodoro kuelekea mabweni ya vyuo vikuu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tuliumwa tungali wadogo, kwa hivyo tuna haki ya kushtuka mapema.

Maoni yangu nayasema waziwazi tangu hapa ili asiwepo wa kuniuliza niko upande gani. Wakati wa janga, chuo kikuu kisifungue mabweni yake eti kwa sababu tarehe ya muhula imefika au kwa sababu karo inahitajika. Kifungue pale tu kitakapoweza kuwapima watu, kuwatenga wagonjwa na kuwalinda wafanyakazi wake. Bila hayo matatu, kufungua ni kucheza pata potea, na kinachowekwa mezani ni roho za watu.

Nianze na mambo tunayoyajua sisi wenyewe. Muhula uliopita homa ya mafua iliingia bwenini kwetu. Jumapili ilikuwa na mtu mmoja tu, yule wa kitanda cha juu kando ya dirisha. Jumatano wakawa sita. Ijumaa foleni ya kwa matroni ilikuwa ndefu kuliko ya githeri. Hatukuwa wakaidi wala wachafu. Tulikuwa tunalala tu, kitanda juu ya kitanda, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, tukipumua hewa ileile usiku kucha. Mafua yalipita tukayacheka. Je, ingekuwa ni korona ya 2020, kabla ya chanjo kupatikana, tungecheka?

Sasa chukua bweni letu, ulizidishe mara hamsini. Ongeza kumbi za mihadhara zinazochukua mamia, maktaba, vyumba vya maakuli na tafrija za Jumamosi usiku. Ongeza pia kwamba wakazi wake wametoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja amebeba hewa ya kwao. Hicho ndicho chuo kikuu. Ni mji mzima, ila ni mji ambao watu wake huhamia wote kwa juma moja na kulala wawili wawili chumbani.

Virusi vya korona husafiri kwa pumzi, hasa ndani ya nyumba isiyopitisha hewa vizuri. Tena vina hila moja mbaya: mtu aweza kuambukiza wenzake kabla hajahisi hata kikohozi, na wengine, hasa vijana, hawahisi lolote mpaka mwisho. Ndiyo maana kile kipima joto tulichoelekezewa kwenye paji la uso pale langoni hakikutosha. Kilimnasa mwenye homa, kikampisha yule mwenye virusi lakini hana homa, akaingia ndani akitabasamu.

Basi tuje kwa kisa chenyewe. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill ni miongoni mwa vyuo vya umma vikongwe kabisa Marekani. Kina wanafunzi takriban 30,000, kina madaktari, na kina shule ya afya ya umma inayosifika. Kwa hivyo asije mtu akasema kuwa hawakuwa na wajuzi. Mwisho wa Julai 2020, idara ya afya ya kaunti ya huko ilikiandikia chuo ikishauri masomo yaanze kwa mtandao kwa majuma matano ya kwanza angalau. Wakuu wa chuo wakaisoma barua, kisha wakaendelea na mpango wao. Masomo ya ana kwa ana yakaanza tarehe 10 Agosti.

Haikupita juma. Maambukizi yalizuka kwa mafungu katika mabweni na katika nyumba ya chama kimoja cha wanafunzi. Katika juma hilo la kwanza, sehemu ya waliopimwa na kupatikana na virusi katika zahanati ya chuo ilipanda kutoka asilimia 2.8 hadi asilimia 13.6. Tarehe 17 Agosti wanafunzi 177 walikuwa wametengwa kwa ugonjwa, na wengine 349 walikuwa karantini. Siku hiyohiyo chuo kikatangaza kuwa masomo ya shahada ya kwanza yanahamia kwenye mtandao kuanzia tarehe 19. Waliofungua masanduku Jumatatu hii wakawa wanayafunga Jumatatu ifuatayo. Gazeti la wanafunzi wa hapo, The Daily Tar Heel, liliandika tahariri kali mno, yenye neno ambalo mwalimu wetu mlezi hawezi kuniruhusu kulitafsiri humu.

Siku iliyofuata, tarehe 18 Agosti, Chuo Kikuu cha Notre Dame katika jimbo la Indiana nacho kilisimamisha masomo ya ana kwa ana kwa majuma mawili. Hiki ni chuo cha watu binafsi, chenye fedha nyingi, na kilikuwa kimewapima wanafunzi kabla hawajafika. Walipofika wakachangamana, na virusi vikapata njia. Kwa haki niongeze kwamba baada ya yale majuma mawili Notre Dame kilirudi madarasani mapema Septemba. Sisemi basi kwamba haiwezekani kabisa kufungua. Nasema kwamba wajuzi wenye mali walijaribu, na mwanzo uliwashinda.

Kisa cha tatu ndicho kinachonifundisha zaidi. Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign hakikufanya mzaha. Wanasayansi wake walibuni kipimo cha mate, wakawapima wanafunzi mara mbili kwa juma, maelfu kwa maelfu kila siku. Walipiga hesabu zao vizuri. Lakini hesabu hizo zilimdhania mwanadamu kuwa akishaambiwa "wewe ni mgonjwa, kaa chumbani," atakaa. Wapi! Baadhi ya waliojua kuwa wana virusi walikwenda kwenye tafrija. Katika siku za kwanza tu za muhula wakapatikana mamia ya wagonjwa, na chuo kikalazimika kuzuia mikusanyiko. Baadaye idadi ikashuka, kwa sababu vipimo vilikuwapo na waliambukizwa waliweza kujulikana. Kwa hivyo vipimo vilisaidia sana, lakini vipimo bila nidhamu ni ngoma ya upande mmoja.

Hapo ndipo wengine husema, "Si unaona? Vijana ndio wabaya. Wangetulia, vyuo visingefungwa." Mimi nakubali nusu na kukataa nusu. Nakubali kwamba anayejua ni mgonjwa kisha akaenda kucheza dansi ana makosa makubwa, na umri si kisingizio. Lakini ukimpeleka mbuzi katikati ya shamba la mahindi, usishangae akila. Wakuu wa vyuo walikuwa vijana zamani. Walijua vijana wa miaka 18, waliofungiwa nyumbani tangu Machi, watafanya nini wakikutana. Mpango unaosimama tu endapo kila kijana atakuwa malaika si mpango, jamani. Ni dua.

Na ubaya wa jambo hili hauishii uani mwa chuo. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kililinganisha kaunti zenye vyuo vikubwa, siku 21 kabla ya masomo kuanza na siku 21 baada yake. Matokeo yalitolewa Januari 2021. Kaunti ambazo vyuo vyake vilifundisha ana kwa ana ziliona maambukizi yakiongezeka kwa asilimia 56. Zile ambazo vyuo vyake vilifundisha kwa mtandao ziliona yakipungua kwa karibu asilimia 18. Hebu zisome tarakimu hizo tena polepole. Jirani hakujiandikisha chuoni, hakupata shahada, ila alipata ugonjwa.

Hapa ndipo nawajibu wale wanaosema kwamba korona haikuwaua vijana wengi. Ni kweli kuwa hatari ya kufa ilikuwa ndogo kwa kijana kuliko kwa mzee. Lakini nani humpikia kijana chuoni? Nani humfagilia bweni? Nani humfundisha? Ni mama mwenye kisukari, ni mzee aliyebakisha miaka miwili astaafu, ni mhadhiri mwenye pumu. Halafu muhula ukifungwa, kijana hurudi kwa nani? Kwa nyanya yake. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Wakuu wa vyuo na wanafunzi walikuwa wakivutana juu ya karo na tafrija, na mama wa jikoni ndiye aliyekuwa nyasi.

Mbona basi vyuo vilikazana kufungua? Tusifichane, fedha zilikuwamo. Chuo cha Marekani hupata pato kubwa kutokana na kodi ya mabweni na chakula. Bweni tupu ni hasara, na mwanafunzi anayesoma sebuleni kwao huanza kuuliza kwa nini alipe karo ileile. Serikali nayo ilisukuma. Tarehe 6 Julai 2020 ilitangaza kwamba wanafunzi wageni ambao masomo yao yote yatakuwa ya mtandao hawataruhusiwa kubaki nchini. Jambo hili linatugusa, maana Wakenya wengi husomea huko. Fikiria dada yako yuko Boston au Dallas, safari za ndege ni za shida, kisha aambiwe achague kati ya kukaa darasani katikati ya ugonjwa na kufukuzwa. Vyuo vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani, na tarehe 14 Julai serikali ikaondoa amri hiyo.

Lakini si wote waliofuata mkondo huo. Chuo Kikuu cha Jimbo la California, kilichokuwa na kampasi 23 wakati huo, kilitangaza mapema, tarehe 12 Mei 2020, kwamba muhula wa vuli karibu wote utakuwa wa mtandao. Wakati ule walionekana waoga. Agosti ilipofika, waoga wale hawakuwa na masanduku ya kufungua na kufunga. Kweli, mwoga huenda kicheko, shujaa huenda kilio.

Sasa niwageukie wapinzani wangu, maana najua wapo, tena wengine niko nao darasa moja. Wao husema, "Kufunga kunaumiza pia." Hapo siwapingi hata chembe. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe: za kutwa kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, na vyuo kufikia Ijumaa tarehe 20. Mimi nilikuwa darasa la tano. Sikurudi shuleni mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni miezi tisa na ushei. Katika miezi hiyo wenzangu wawili wa mtaani waliingia kazini wakakataa kutoka, na msichana mmoja aliyekuwa akituongoza kwa hesabu aliolewa. Kwa jirani zetu wa Uganda mambo yalikuwa mazito zaidi, kwani shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili tangu zifungwe. Basi anayesema kufunga hakuna gharama hajui asemalo.

Tena masomo ya mtandao kwetu yalikuwa ya wenye nacho. Mwanafunzi wa chuo aliyeko mlimani kusiko na mtandao, au aliyeko na simu moja ya kugawana na ndugu watano, alisoma nini? Bando ilikwisha kabla mhadhiri hajamaliza salamu. Kwa sababu hiyo hoja yangu si kwamba vyuo vikae vimefungwa milele. Hoja yangu ni kwamba gharama ya kufunga isitumiwe kama ruhusa ya kufungua ovyo. Chapel Hill ilifungua na bado ikafunga. Ilipata hasara zote mbili kwa juma moja.

Mwingine ataniambia, "Mbona Tanzania ilifungua vyuo tarehe 1 Juni 2020 na maisha yakaendelea?" Ni kweli walifungua. Lakini tangu mwisho wa Aprili 2020 serikali ya huko ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa. Mahali pasipo hesabu huwezi kusema walishinda, wala huwezi kusema walishindwa. Mwanafunzi asiyefanya mtihani hawezi kujisifu kwamba hakuanguka.

Kwa kuwa kulaumu ni rahisi kuliko kupendekeza, nami nitapendekeza.

La kwanza, neno la mwisho lisiwe la anayekusanya karo. Tangu Katiba ya 2010 huduma nyingi za afya nchini Kenya ziko mikononi mwa kaunti. Afisa wa afya wa kaunti akisema bado, iwe bado. Barua yake isisomwe na kutiwa kwenye droo kama ile ya Chapel Hill.

La pili, watu wapimwe kabla ya kuja na baada ya kuja, tena mara kwa mara, na majibu yatoke upesi. Kupima mara moja langoni ni kama kuosha mikono Januari ukitegemea iwe safi Desemba.

La tatu, vyumba vya kuwatenga wagonjwa viwe vimetayarishwa, vikiwa vitupu, kabla mwanafunzi wa kwanza hajashuka kwenye matatu. Na kila chumba kiwe na mtu wa kukipelekea chakula, kwa sababu mgonjwa mwenye njaa atatoka tu.

La nne, watu waingie kwa awamu. Hili Kenya ililijaribu shuleni: tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne pekee, wengine wakangoja. Vyuoni waanze wanaohitaji maabara na karakana, wanaokaribia kumaliza, na wale ambao kwao hakuna mtandao wala pa kusomea. Mwenye kompyuta na bando ampishe asiye nazo.

La tano, itangazwe mapema ni idadi gani ya wagonjwa itakayosimamisha masomo, na wagonjwa wasirudishwe makwao. Mapema Septemba 2020 Daktari Anthony Fauci, mtaalamu mkuu wa magonjwa ya kuambukiza wa serikali ya Marekani, alivionya vyuo visiwatawanye wanafunzi mlipuko ukitokea. Ukiwatawanya umepanda mbegu kila kijiji. Chuo kikishawaita watu, kiwe tayari kuwauguza.

La sita, wapishi, walinzi na wafagiaji wakae kwenye kikao kinachoamua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao ndio wanaokilalia.

Na sisi wanafunzi je? Tusijitoe. Tukidai tusikilizwe, tuwe watu wa kusikilizika. Siku ukiambiwa kaa chumbani, kaa. Tafrija zipo nyingi, nyanya ni mmoja. Barakoa ilikuwa ikituwasha, ndiyo, lakini haikuwahi kumlaza mtu hospitalini.

Wenzangu, mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea kule Pwani, na wanafunzi wakawa miongoni mwa walioupata. Ulikuwa ugonjwa mdogo, ukapita. Nauchukua kama kikumbusho tu kwamba penye watu wengi kitanda kwa kitanda, ugonjwa hauhitaji mwaliko. Siku moja litakuja jambo kubwa zaidi, na huenda likamkuta mmoja wetu akiwa kiongozi wa wanafunzi chuoni, au mhadhiri, au hata waziri. Siku hiyo atapelekewa karatasi ya kutia sahihi, iliyoandikwa tarehe ya kufungua. Namwomba ndugu huyo, kabla hajaondoa kifuniko cha kalamu, aulize maswali matatu tu. Vipimo viko wapi? Vyumba viko wapi? Na mama wa jikoni amesemaje?

Akikosa jibu hata kwa swali moja, aiweke kalamu chini. Kinga ni bora kuliko tiba, na chuo kilichochelewa kufunguliwa bado ni chuo. Mtu aliyezikwa harudi muhula ujao.